Kuanzia Katikati ya Barabara: Shajara ya Vibali vya Ghala la Mpunga, Igurusi

Mradi huu ni ujenzi wa ghala la kuhifadhia mpunga, pamoja na sakafu ya kukaushia na jengo la kukobolea, unaofanywa na chama cha ushirika cha wakulima pembezoni mwa Igurusi, Wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya. Kiwanja kinapakana upande wa mbele na barabara kuu ya T1, ile itokayo Dar es Salaam na kupita Morogoro, Iringa na Makambako hadi Tunduma, na upande wa nyuma kinapakana na barabara ya changarawe inayoelekea mashambani. Kwa nafasi yangu ya msimamizi wa mradi nimekabidhiwa kufuatilia vibali, na shajara hii inahusu vibali vya mamlaka za barabara peke yake. Jengo lenyewe lina daftari lake.

Februari 2024

Kabla ya kuandika barua yoyote tumetaka kwanza kujua kila barabara inayotugusa ni ya nani. T1 ni barabara kuu, kwa hiyo iko chini ya Wakala wa Barabara Tanzania, TANROADS, ambao tangu mwaka 2000 unasimamia barabara kuu na za mikoa nchi nzima, mtandao wa zaidi ya kilometa 36,000. Barabara ya nyuma ni ya wilaya, nayo iko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanza kazi mwaka 2017 na kuchukua barabara zilizokuwa mikononi mwa halmashauri. Nimeeleza jambo hili kwa urefu katika kikao cha bodi ya ushirika kwa sababu wajumbe kadhaa walidhani kwamba kibali cha ujenzi cha Halmashauri kinatosha kwa yote. Kibali cha Halmashauri kinahusu jengo na matumizi ya ardhi ndani ya kiwanja. Hakimpi mtu haki ya kuweka hata jiwe moja katika hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara pande zake zote mbili, wala ya kufungua mlango wa magari kuelekea barabara kuu.

Bodi imeuliza swali la haki: kwa nini tusijenge kwanza ghala ndani ya kiwanja chetu, kisha mambo ya barabara yafuate? Jibu langu ni kwamba ghala lisilo na njia halali ya kuingilia haliwezi kupokea lori hata moja, na mahali pa njia hiyo ndipo panapoamua lango liwe wapi, mzani uwe wapi, na malori yageukie wapi. Michoro inapaswa kuanzia barabarani kuja ndani. Bodi imekubali kusimamisha michoro ya mwisho mpaka mipaka ya hifadhi ithibitishwe.

Machi 2024, upimaji wa hifadhi

Leo tumepima. Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 pamoja na kanuni zake za mwaka 2009 imeweka hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kuwa mita 60, yaani mita 30 kila upande, zikihesabiwa kutoka katikati ya barabara. Kabla ya hapo ilikuwa mita 45, sawa na mita 22.5 kila upande. Tofauti hiyo ya mita 7.5 ndiyo iliyozaa migogoro mingi kandokando ya barabara zetu, na katika kiwanja chetu imejitokeza waziwazi.

Mchoro wa awali, uliofanywa na mchoraji aliyeajiriwa kabla ya mradi kunifikia, ulikuwa umeweka uzio wa mbele kwenye kigingi cha zamani kilicho mita 22.5 kutoka katikati. Mzee ambaye familia yake ndiyo iliyouuzia ushirika eneo hili alitufuata tukiwa tunavuta futi, na baada ya shikamoo na marahaba alituonyesha kigingi hicho akasema, "Mwanangu, hapa ndipo baba zetu walipoonyeshwa mwisho wa barabara. Hatujawahi kusogea mbele ya hapa hata hatua moja." Nilimjibu kwamba ni kweli kabisa, mzee wangu, na kwamba familia yake iliheshimu mpaka wa wakati ule, sheria ndiyo iliyopanua barabara kuja nyuma ya kigingi. Ni jambo linalostahili kusemwa kwa heshima, kwa kuwa watu wengi wanaoitwa wavamizi wa hifadhi walijenga wakati ardhi ile haikuwa hifadhi.

Serikali yenyewe imeitambua tofauti hiyo katika uwekaji alama. Majengo yaliyo ndani ya mita 22.5 huwekewa X nyekundu, na wenyewe hawahesabiwi kuwa na haki ya fidia. Yaliyokuwapo kati ya mita 22.5 na 30 kabla ya sheria mpya huwekewa X ya kijani, maana yake mwenye jengo asiliendeleze, lakini anastahili fidia siku eneo litakapohitajika. Ushirika wetu umenunua baada ya sheria, kwa hiyo ukanda huo hatuna la kuudai. Mbele ya kiwanja ni mita 120, na mita 7.5 zikiondolewa, eneo linalotoka katika matumizi ya kujenga ni mita za mraba 900. Bodi imeumia, na nawaelewa, kwani sehemu hiyo ilipangiwa ofisi na duka la pembejeo.

Nimewaomba wajumbe wasiitumie mita 30 kama kanuni isiyo na tofauti mahali popote watakapojenga baadaye. Kuna sehemu za barabara ambazo hifadhi yake ni pana zaidi kutokana na matangazo ya zamani, na waliojenga kandokando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kuelekea Kibaha walilijua hilo mwaka 2017 nyumba zao zilipovunjwa. Njia salama ni kumwandikia Meneja wa TANROADS wa mkoa na kuomba mpaka uonyeshwe kwenye eneo lenyewe, kwa maandishi. Ndivyo tulivyofanya, na wataalamu wa ofisi hiyo wakafika, wakapima pamoja nasi, na mita 30 zikathibitishwa.

Aprili 2024, mahali pa kuingilia

Mvua bado ni nyingi na mashamba yamejaa maji, wakati mzuri wa kuona maji ya barabara yanakwenda wapi. Udongo wa bonde la Usangu ni mfinyanzi mweusi unaovimba unapolowa na kupasuka unapokauka, kwa hiyo njia yoyote itakayozuia mtaro wa barabara itayarudisha maji chini ya tuta la lami, na tuta likishalowa, magari mazito hulimaliza upesi. Njia yetu ya kuingilia lazima ivuke mtaro huo juu ya kalavati, yaani bomba kubwa la kupitishia maji chini ya njia. Mhandisi wetu amechora kalavati la kipenyo cha milimita 900, ingawa mkandarasi alitaka dogo zaidi kwa kubana gharama. Nimesimama upande wa mhandisi: kalavati dogo huziba kwa pumba, majani na mifuko, na hapa patakuwa na pumba nyingi.

Jambo lililotuchukulia muda zaidi mwezi huu ni umbali wa kuona. Kiwanja kiko mahali ambapo kibao cha mwendo wa kilometa 50 kwa saa kinaishia, kwa hiyo madereva wanaotoka kijijini wanaanza kukanyaga mafuta, na wanaokuja bado hawajapunguza. Gari lenye mwendo wa kilometa 80 kwa saa hupita takriban mita 22 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde mbili na nusu kutambua hatari na kuanza kufunga breki, ameshakwenda mita 55 kabla ya gari kuanza kupunguza mwendo, na kwenye lami yenye maji atahitaji nyingine zaidi ya 80 mpaka asimame. Hiyo ni takriban mita 140 kwa gari lenye breki nzima. Sasa mfikirie dereva wa lori letu lililosheheni mpunga, anayetoka ghalani akitaka kupinda kulia kuelekea Mbeya: likihitaji sekunde kumi kumaliza kukata upande wa pili, gari linalokuja kwa mwendo huohuo litakuwa limekwenda zaidi ya mita 220.

Lango lililokuwa kwenye mchoro wa awali liliangaliana na safu ya miti inayoficha magari yatokayo upande wa Makambako. Palizungumzwa kukata miti hiyo, lakini iko ndani ya hifadhi, nayo haikatwi bila ruhusa, isitoshe ndiyo kivuli pekee cha wanaosubiri basi. Tumelisogeza lango mita 40 upande wa pili, ambako barabara imenyooka na macho yanafika mbali pande zote mbili. Kulisogeza kumebadilisha mpangilio wa ua mzima: mzani umehamia kushoto, na sakafu ya kukaushia imegeuzwa. Kwenye karatasi mabadiliko hayo yamegharimu muda wa mchoraji tu. Yangefanyika baada ya msingi kuchimbwa, yangegharimu zege na nondo.

Michoro ya kuingilia imeongezwa njia ya kupunguzia mwendo kwa malori yanayotoka barabarani na njia ya kuongezea mwendo kwa yanayoingia, kwa kufuata mwongozo wa Wizara wa usanifu wa jiometri ya barabara wa mwaka 2011. Lango lenyewe limerudishwa ndani kiasi kwamba lori na tela lake linaweza kusimama mbele ya lango lililofungwa bila mkia wake kubaki kwenye lami. Mnaosimamia maghala, nawasihi mlitazame hilo kuliko yote. Foleni ya malori yanayosubiri mzani wakati wa mavuno, ikimwagika kwenye barabara kuu usiku, huua watu.

Mei 2024, maombi

Barua ya maombi imepelekwa kwa Meneja wa Mkoa. Tumeambatanisha hati ya umiliki, mchoro wa eneo unaoonyesha katikati ya barabara na mstari wa mita 30, michoro ya njia ya kuingilia na kalavati iliyosainiwa na mhandisi aliyesajiliwa, mpango wa usalama wa magari wakati wa kazi, na mchoro wa bomba la maji. Bomba ni ombi la pili lililo tofauti na la kuingilia, na tumeyaandikia kila moja barua yake ili lolote kati yao likihitaji marekebisho lisilicheleweshe jingine.

Maji yatatoka upande wa pili wa barabara, kwenye tanki la mradi wa kijiji unaosimamiwa kwa utaratibu wa RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini. Palikuwa na mapendekezo mawili: kukata lami, kuchimba mtaro wazi, kulaza bomba na kufukia, au kutoboa chini kwa chini bila kuigusa lami. Ninataka kuandika kwa undani kwa nini tumeomba la pili ingawa ni ghali zaidi, kwa sababu hoja hii inarudi katika kila mradi.

Barabara ya lami hujengwa kwa matabaka yaliyoshindiliwa kwa mashine nzito kwa upana wote kwa pamoja, kila tabaka likipimwa kabla ya jingine kuwekwa juu yake. Ukilikata kwa mtaro mwembamba, hakuna shindilio kubwa litakaloingia humo. Unabaki na mashine ndogo ya mkono, na udongo wa pembeni uliopoteza kiegemeo chake umeshalegea. Hata fundi mwangalifu hawezi kuurudisha uimara uleule. Kisha pana ule mshono kati ya lami ya zamani na mpya, ambao maji huupata mapema kuliko sehemu nyingine yoyote. Malori yaendayo Zambia na Kongo kupitia Tunduma yanaruhusiwa uzito wa hadi tani 56, na kila ekseli ikipita juu ya kiraka huusukuma mshono huo. Baada ya msimu mmoja wa mvua kiraka kinazama, dereva wa pikipiki anakikwepa kwa kuhamia upande wa pili, na ajali inatokea mahali ambapo hakuna mtu atakayekumbuka kwamba zamani palipita bomba la mtu.

Jambo jingine tuliloliweka kwenye maombi ni urefu wa bomba la kinga, lile ambalo bomba la maji hupita ndani yake. Upanuzi wa barabara ya Igawa hadi Songwe na Tunduma, kilometa 218, umeshapangwa na Serikali, na sehemu ya kutoka Uyole hadi Ifisi, kilometa 29, ndiyo iliyotangulia kujengwa kwa njia nne. Igurusi iko katika mstari huo. Kwa hiyo bomba la chuma la kinga tumelichora livuke hifadhi yote ya mita 60, lisiishie kwenye mabega ya barabara ya sasa: chini ya tuta lililopo litatobolewa, na sehemu zilizobaki pande zote mbili litalazwa kwenye mtaro wa kawaida. Barabara ikipanuliwa, bomba la maji litaweza kuvutwa na kubadilishwa kupitia ndani ya kinga bila kuchimba tena.

Kabla ya kuwasilisha tuliandika pia kwa wenye miundombinu mingine iliyomo katika hifadhi. Nyaya za Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano zimelazwa kandokando ya barabara kuu nchini, na koleo moja likikata waya huo, mawasiliano ya watu walio mbali sana na Mbarali yanazimika. Bomba la mafuta la TAZAMA nalo linafuata ushoroba huu kuelekea Ndola, Zambia. Wahusika wa mawasiliano walikuja na kutuwekea alama za mahali waya ulipo. Mahali pa shimo la kupokelea bomba litakapotokea baada ya kutoboa ilibidi pasogezwe kidogo kuupisha.

Juni 2024

Ukaguzi wa pamoja umefanyika, na baada ya marekebisho madogo ya mchoro wa kalavati vibali vyote viwili vimetolewa kwa masharti. Ada imelipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, na dhamana ya kuirejesha barabara katika hali yake imewekwa. Itarudishwa baada ya kipindi cha uangalizi kwisha.

Nimeyasoma masharti mbele ya bodi moja baada ya jingine, na nililipa uzito mkubwa lile linalosema kwamba mamlaka ikiihitaji hifadhi, mwenye kibali ataondoa au kuhamisha alichoweka kwa gharama zake mwenyewe. Mama mmoja, mweka hazina wetu, aliuliza kwa mashaka, "Msimamizi, sasa hiki ni kibali au ni mkopo wa ardhi?" Swali lake ni zuri. Tumeruhusiwa kupita katika ardhi ya barabara. Hatukupewa ardhi hiyo. Kwa maelekezo ya bodi, gharama ya kuhamisha njia ya kuingilia imeingizwa katika makadirio ya muda mrefu ya ushirika, ili siku upanuzi utakapofika wanachama wasichangishwe kwa ghafla.

Julai 2024, usafirishaji wa mtambo

Mtambo wa kuchimbia msingi umekodiwa kutoka Dar es Salaam na kuletwa kwa lobedi, tela la chini la kubebea mitambo. Upana wake unazidi mita 2.65 zinazoruhusiwa na Sheria ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019. Mwenye mtambo aliombewa kibali cha mzigo usio wa kawaida kabla ya kuondoka, pamoja na gari la kusindikiza, vibao na bendera, na sharti la kusafiri mchana tu. Alipita mizani ya Vigwaza, Mikumi, Wenda na Makambako akiwa na karatasi zake zote. Sehemu niliyokuwa na hofu nayo ni mlima Kitonga, wenye kona kali na mabasi yasiyo na subira. Dereva alisubiri chini mpaka msongamano ulipopungua, ndipo akapanda.

Kibali hiki ni cha mwenye gari, lakini mwenye mradi anapaswa kukiona kwa macho yake kabla ya mzigo kuondoka. Tumekiweka kuwa sharti katika mkataba wa kukodi.

Agosti 2024, kutoboa chini ya barabara

Hii ndiyo kazi niliyoingojea kwa shauku na kwa uangalifu mkubwa. Siku ya kuanza tulipima usawa wa lami kwa mstari wa nukta kuvuka barabara, tukaziandika na kuzipiga picha. Mashimo mawili yalichimbwa nje ya mabega ya barabara, moja la kusukumia na jingine la kupokelea, kuta zake zikazuiwa kwa mbao na vyuma kwa kuwa mfinyanzi huu hauaminiki hata wakati wa kiangazi. Bomba la kinga lilisukumwa polepole, udongo ukitolewa kwa ndani, mwelekeo ukipimwa kila kipande kilipoungwa.

Katikati ya kazi mkandarasi mdogo wa kutoboa alikutana na jiwe na akapendekeza lami ikatwe usiku, magari yakiwa machache, jiwe liondolewe kwa juu na pazibwe kabla ya asubuhi. Nilikataa, na mhandisi akakataa. Kibali chetu kimeandikwa kwa njia ya kutoboa. Kukata lami kungekuwa ni kazi nyingine isiyo na kibali, na watu wanaopita alfajiri wakiwa kwenye bodaboda wangepita juu ya kiraka kibichi bila kujua. Jiwe lilivunjwa kwa mkono kutoka ndani ya bomba, kidogokidogo, fundi akiwekewa hewa na mtu wa kumwangalia mdomoni mwa bomba muda wote. Kazi ilichelewa, na mkandarasi alilipwa nyongeza ya haki.

Usiku mashimo yalizungushiwa uzio, yakawekewa taa na mlinzi. Mchana walikuwapo wapeperusha bendera wawili wenye makoti ya kung'aa, na askari wa usalama barabarani walipewa taarifa ya ratiba mapema. Baada ya bomba kufika upande wa pili tulipima tena zile nukta juu ya lami: hakuna iliyoshuka. Nafasi iliyobaki kati ya bomba na udongo ilijazwa saruji nyepesi ili isije ikaacha mwanya wa kuzama baadaye.

Septemba 2024, njia ya kuingilia na wauza mchele

Mahali lango liliposogezwa palikuwa na vibanda vya kina mama wanaouza mchele kwa abiria wa mabasi. Mchele wa Mbarali unajulikana nchi nzima, na mezani pale ndipo wasafiri wengi wanapoununua. Vibanda hivyo vimo ndani ya hifadhi, bila karatasi, na kuna waliosema kwamba kwa kuwa sisi tuna kibali na wao hawana, tuwaondoe tu. Sikukubaliana. Wengi wao ni wanachama wetu au wake na mabinti wa wanachama, na mchele wanaouuza unatokana na mpunga uleule tunaoujengea ghala.

Tulikaa nao pamoja na mwenyekiti wa kijiji. Niliwaeleza, "Mama zangu, hapa malori yatakuwa yanapunguza mwendo na kupinda. Mtoto akitoka mezani akakimbia kuelekea basi, dereva hatamwona." Mmoja wao alijibu, "Baba, sisi hatukatai kuondoka, tunakataa kupelekwa ambako basi halisimami." Hilo ndilo lililotuongoza. Ushirika umetenga ukanda ndani ya kiwanja chake, nyuma ya mstari wa mita 30, karibu na kituo cha basi, ambako meza zimejengwa chini ya paa. Ule ukanda wa mita 7.5 uliotoka katika ujenzi umebaki wazi, umeoteshwa nyasi, na abiria wanatembea humo bila kukanyaga lami. Kina mama walihama wenyewe kabla ya mtambo kuanza kuchimba.

Ujenzi wa njia ulifuata michoro. Matabaka yalishindiliwa moja moja na kupimwa, na mtaalamu wa TANROADS alikuja kuangalia vipimo kabla ya lami kuwekwa. Kalavati limelazwa kwa mteremko wa mtaro wa asili, na midomo yake imejengwa kwa mawe.

Oktoba 2024

Upande wa nyuma, TARURA ya wilaya ilitupatia kibali cha kuvusha bomba la maji taka na kuweka njia ya trekta. Barabara ni ya changarawe, kwa hiyo mtaro wazi uliruhusiwa kwa sharti la kushindilia na kurudisha changarawe kabla mvua hazijaanza. Ilikuwa kazi nyepesi na imekamilika.

Kibao cha jina la ghala kilichopangwa kusimama kando ya barabara kuu nacho kinahitaji ruhusa yake kikiwa ndani ya hifadhi. Tumekiweka ndani ya uzio wetu. Kinaonekana vya kutosha.

Novemba 2024

Mavuno yajayo ghala litakuwa tayari kupokea. Kwa upande wa barabara yamebaki mambo matatu: kuwasilisha TANROADS michoro inayoonyesha kazi ilivyojengwa hasa, ikiwa na kina na mstari wa bomba la kinga, ili watakaopanua barabara wajue lilipo, kumpangia mfanyakazi wa kudumu wa kusafisha kalavati kila wiki wakati wa mvua, na kupima tena zile nukta za lami mvua zitakapokatika mwezi wa tano, kabla ya kuomba ukaguzi wa mwisho na kurudishiwa dhamana. Michoro imeshakabidhiwa kwa mhandisi kwa ajili ya kusainiwa, na itapelekwa Mbeya wiki ijayo.